Dhidi ya Kukaririsha Pembetatu Maalumu

Katika ufundishaji wa hisabati wa shule za sekondari za Tanzania na Kenya umejengeka mtazamo, unaoshikwa na walimu wengi, wazazi na watunzi wa vitabu vya kujiandaa na mitihani, kwamba kutafuta urefu wa upande usiojulikana katika pembetatu mraba maalumu ni kazi ya kumbukumbu. Pembetatu mraba ni pembetatu yenye pembe moja ya nyuzi 90, na upande unaoikabili pembe hiyo, ambao daima ndio mrefu kuliko mingine, huitwa hipotenusi. Zinazoitwa maalumu kwa sababu ya pembe zake ni mbili: ile ambayo pembe zake nyingine ni nyuzi 45 kila moja, na ile ambayo pembe zake nyingine ni nyuzi 30 na nyuzi 60. Pande za ile ya kwanza zina uwiano wa 1 : 1 : √2, na za ile ya pili zina uwiano wa 1 : √3 : 2. Kwa mujibu wa mtazamo huo, mwanafunzi aandikiwe ubaoni mistari hiyo miwili pamoja na jedwali la sini, kosini na tanjiti, yaani uwiano wa pande mbili mbili za pembetatu mraba, za pembe za 30, 45 na 60, aikariri mpaka imkae kichwani, na somo lihesabiwe kuwa limekwisha.

Mtazamo huu una hoja zake, na haki inadai zielezwe kama zinavyoelezwa na wenyewe. Ya kwanza ni hoja ya muda: muhtasari ni mrefu, vipindi ni vichache, na mtihani wa taifa haumsubiri mtahiniwa anayechora maumbo pembeni mwa karatasi, kwa hiyo kanuni iliyokaririwa ndiyo humfikisha kwenye jibu upesi. Ya pili ni hoja ya matokeo: kinachopimwa ni jibu, na 5√2 iliyopatikana kwa kukariri haina tofauti na 5√2 iliyopatikana kwa kufikiri. Ya tatu ni hoja ya vifaa: palipo na kikokotoo au jedwali la tarakimu nne, hakuna haja ya kujua √3 imetoka wapi. Ya nne ni hoja ya uwezo: uthibitisho, yaani maelezo yanayoonyesha kwa nini jambo ni lazima liwe kweli, ni wa wachache wenye vipaji, na walio wengi watachanganyikiwa. Ya tano ni hoja ya matumizi: pembetatu hizi hazionekani nje ya darasa, na kwa kuwa zitasahauliwa baada ya mtihani, hakuna hasara zikipitiwa juu juu.

Makala haya yanashikilia kwamba hoja hizo zote tano ni dhaifu, na kwamba baadhi yake zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Thamani ya pembetatu hizi mbili imo katika jambo moja tu, nalo ni kwamba mtu yeyote anayejua mraba na pembetatu sawa anaweza kuzijenga upya kwa mkono wake wakati wowote, bila kumwomba mtu kanuni; na kuzifundisha kwa kukaririsha ni kuliondoa jambo hilo moja na kubakiza namba zisizo na asili.

1. Kwamba kukariri kunaokoa muda

Ili hoja ya muda ipimwe, ni lazima kwanza ijulikane ni muda kiasi gani unaookolewa. Mraba ambao kila upande wake ni 1 ukikatwa kwa ulalo, yaani mstari unaounganisha kona mbili zinazotazamana, hutoa pembetatu mbili zilizo sawa kwa kila hali. Kila moja ina pembe ya nyuzi 90 iliyokuwa kona ya mraba, na pembe mbili za nyuzi 45, kwa sababu ulalo umezigawa kona nyingine nusu kwa nusu. Kanuni ya Pythagoras, isemayo kwamba mraba wa hipotenusi ni sawa na jumla ya miraba ya pande nyingine mbili, hutoa 1 + 1 = 2, na kwa hiyo ulalo ni √2, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 2. Vivyo hivyo, pembetatu sawa, ambayo ni pembetatu yenye pande tatu zinazolingana na pembe tatu za nyuzi 60, ikichorwa kwa pande za 2 na kukatwa kwa kimo chake kutoka kileleni hadi katikati ya kitako, hugawanyika katika pembetatu mbili zenye pembe za 30, 60 na 90. Kitako kimegawanywa kuwa 1 na 1, hipotenusi imebaki 2, na kimo ni kipeuo cha pili cha 4 − 1, yaani √3. Hapo ndipo somo lilipofika mwisho wake. Hakuna sehemu nyingine iliyofichwa, na mchoro mzima unatosha kwenye robo ya ukurasa wa daftari.

Sasa na upimwe mzigo wa anayekariri. Katika pembetatu ya nyuzi 45 kuna njia mbili za kwenda: kutoka upande mfupi hadi hipotenusi huzidishwa kwa √2, na kutoka hipotenusi hadi upande mfupi hugawanywa kwa √2. Katika ile ya 30 na 60 njia ni sita, kwa kuwa kila mmoja wa pande tatu unaweza kutolewa na kila mmoja wa zile mbili zilizobaki unaweza kuulizwa, na kila njia ina kizidishi chake. Jumla ni kanuni nane, na ukiongeza thamani tisa za jedwali la sini, kosini na tanjiti, mwanafunzi amebebeshwa mambo kumi na saba yasiyoshikamana, mahali ambapo michoro miwili ingetosha kuyazaa yote. Njia inayoitwa ya mkato ndiyo ndefu.

Wala urefu huo si wa kichwani tu, kwa maana unaonekana kwenye karatasi ya majibu. Chukua swali lililo la kawaida kabisa: katika pembetatu ya 30, 60 na 90, upande unaokabili pembe ya 60 una sentimita 9, tafuta upande unaokabili pembe ya 30. Aliyekariri kwamba katika pembetatu hii kuna kuzidisha kwa √3 huandika 9√3, yaani takriban sentimita 15.6, na kuendelea na swali linalofuata. Aliyekata pembetatu sawa kwa mkono wake anajua kwamba upande unaokabili pembe ndogo ni nusu ya kitako na ndio mfupi kuliko yote, kwa hiyo hauwezi kuwa 15.6 mahali ambapo ule wa kati ni 9. Anagawanya, anapata 9/√3, anazidisha juu na chini kwa √3, na kuandika 3√3, ambayo ni kama sentimita 5.2. Wa pili ametumia sekunde chache zaidi na amepata alama. Wa kwanza ameokoa muda wa kukosea.

2. Kwamba jibu ni lile lile

Hoja ya matokeo inachukulia kwamba kumbukumbu daima hurudisha kilichowekwa. Ingekuwa hivyo, isingekuwepo haja ya kubishana. Lakini uwiano wa 1 : √3 : 2 una mtego unaojulikana na kila aliyewahi kusahihisha madaftari: kwa kuwa √3 ina alama ya kipeuo na inaonekana nzito kuliko 2, na kwa kuwa katika pembetatu ya nyuzi 45 kipeuo ndicho kilicho kwenye hipotenusi, mwanafunzi huihamishia √3 kwenye hipotenusi na kuandika 1 : 2 : √3. Hesabu ya haraka inaonyesha kwamba √3 ni takriban 1.73, hivyo ni ndogo kuliko 2 na haiwezi kuwa upande mrefu kuliko yote. Lakini hesabu hiyo hufanywa na mtu anayejua kwamba namba zile ni urefu wa vitu vinavyochorwa. Kwa aliyekariri, ni herufi tu, na herufi hazina mrefu wala mfupi. Basi tofauti kati ya majibu mawili yaliyo sawa ipo tangu mwanzo: moja linaweza kujikagua, na lingine haliwezi.

Tofauti hiyo hupanuka pale ambapo swali halitaji pembetatu. Trapeza, yaani umbo la pande nne lenye pande mbili sambamba, limetolewa likiwa na kitako cha sentimita 20, pande mbili za mshazari zenye sentimita 8 kila moja, na pembe za nyuzi 60 kwenye kitako, linaulizwa eneo. Hakuna pembetatu iliyoandikwa popote. Ni lazima mtu ateremshe vimo viwili kutoka kona za juu, aone kwamba kila mshazari umekuwa hipotenusi ya nusu ya pembetatu sawa, aseme kwamba nusu ya 8 ni 4 na kimo ni 4√3, kisha aondoe 4 kila upande wa kitako ili upande wa juu uwe 12, na mwisho azidishe wastani wa 20 na 12, ambao ni 16, kwa 4√3 na kupata sentimita za mraba 64√3. Hatua ya kwanza kati ya hizo, ambayo ni kuiona pembetatu mahali ambapo haikuchorwa, haimo katika jedwali lolote. Aliyefundishwa kukata maumbo huikata trapeza kwa mazoea. Aliyefundishwa kukariri husubiri aambiwe pembetatu iko wapi.

Madhara ya ndani zaidi ni mkanganyiko kati ya pembetatu hizi mbili na ile ya 3, 4 na 5. Mafundi ujenzi huitumia hiyo ya mwisho kunyoosha kona za msingi: hupima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kamba inayounganisha ncha hizo mbili ikiwa mita 5 kamili, kona ni mraba. Kwa kuwa zote huitwa maalumu na zote hukaririwa kwa pamoja, wapo wanafunzi wanaoamini kwamba pembetatu ya 3, 4 na 5 ina pembe za 30 na 60. Haina, pembe zake ni karibu nyuzi 36.87 na 53.13. Na hapa pana ukweli mzuri ambao ukaririshaji huufunika kabisa. Kati ya pembe zote zenye idadi kamili ya nyuzi baina ya 0 na 90, ni moja tu, ya nyuzi 30, ambayo sini yake inaweza kuandikwa kama sehemu ya namba kamili mbili. Jambo hilo ni tokeo la nadharia inayoitwa kwa jina la mwanahisabati Ivan Niven, aliyeieleza katika kitabu chake cha 1956. Lakini kosini ya nyuzi 30 ni √3/2, ambayo haiandikiki hivyo. Maana yake ni kwamba hakuna pembetatu mraba hata moja yenye pande zote za namba kamili na pembe zote za nyuzi kamili: anayetaka pande nyoofu sharti akubali pembe za desimali, na anayetaka pembe nyoofu sharti akubali vipeuo. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo hatachanganya tena makundi hayo mawili, na atajua pia kwa nini √2 na √3 ziko pale na haziwezi kuondolewa.

3. Kwamba kikokotoo na jedwali vinatosha

Hoja ya tatu ina tatizo hata kabla haijajibiwa, kwa kuwa haiwezi kusimama pamoja na ya kwanza. Ikiwa kifaa kinatosha, basi kukariri nako hakuna kazi, na muda unaodaiwa kuokolewa kwa kukariri ungeokolewa zaidi kwa kutokukariri. Ikiwa kukariri ni lazima kwa sababu mtihani unadai majibu yenye vipeuo, basi kifaa hakitoshi. Wanaozishika hoja zote mbili kwa wakati mmoja wanadai kwamba mwanafunzi akariri kile ambacho wao wenyewe wanasema kifaa kimekiondolea haja.

Tatizo la pili liko katika kifaa chenyewe. Jedwali la tarakimu nne linasema kosini ya nyuzi 30 ni 0.8660, na sini yake ni 0.5000. Kanuni ya Pythagoras inadai kwamba miraba ya namba hizo mbili ijumlike kuwa 1. Mraba wa 0.8660 ni 0.749956, na ukiongezwa 0.25 hutoa 0.999956. Pengo ni dogo, lakini mtu aliyeandika √3/2 anapata robo tatu na robo moja, ambazo ni 1 bila pengo lolote. Pengo dogo pia halibaki dogo linaporudiwa. Kuongeza eneo la mraba mara mbili ni kuuzidisha upande wake kwa √2. Ukifanya hivyo mara kumi, upande unakuwa umezidishwa kwa 32 kamili, kwa sababu kila hatua mbili ni kuzidisha kwa 2. Anayetumia 1.4 mahali pa √2 hupata 28.93 badala ya 32, na amepoteza karibu sehemu moja ya kumi ya urefu wote kwa sababu ya kudharau tofauti aliyodhani haina maana.

Tatizo la tatu ni la asili. Jedwali linalotajwa kuwa mbadala wa pembetatu maalumu limezaliwa kutokana nazo. Katika karne ya 2, mjini Alexandria, Ptolemy aliandika kitabu cha falaki kinachojulikana kwa jina la Almagest, na ndani yake akaweka jedwali la urefu wa nyuzi za duara, yaani mistari inayounganisha ncha mbili za tao, kwa kila nusu ya digrii mpaka 180. Hakuzipata namba hizo hewani. Alianza na maumbo yanayochorwa ndani ya duara: heksagoni, ambayo upande wake ni sawa na nusu kipenyo; mraba, ambao upande wake ni nusu kipenyo mara √2; pembetatu sawa, ambayo upande wake ni nusu kipenyo mara √3; kisha umbo la pande tano na la pande kumi. Kutokana na hizo akatoa tofauti za pembe na nusu za pembe, na, kwa kukadiria palipobidi, akajaza jedwali zima. Karne nyingi baadaye, mwanzoni mwa karne ya 15, al-Kashi wa Samarkand alipotafuta sini ya nyuzi 1 kwa usahihi mkubwa, alipitia sini ya nyuzi 3, ambayo hupatikana kutokana na pembe hizo hizo za maumbo yenye pande sawa. Kumwambia mwanafunzi kwamba jedwali limezifanya pembetatu hizi kuwa za kale ni kumwambia kwamba matokeo yamefuta sababu yake. Anayejua chanzo anaweza hata leo kupata sini ya nyuzi 15, ambayo ni sini ya tofauti kati ya 45 na 30, na kuandika (√6 − √2)/4 bila kifaa chochote. Asiyejua chanzo, betri ikiisha, hana pa kuanzia.

4. Kwamba uthibitisho ni wa wenye vipaji

Hoja hii ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu inawagawa watoto kabla ya kuwafundisha. Ushahidi unaipinga tangu zamani sana. Katika mkusanyiko wa Kibabuloni wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kimo kigae kidogo cha udongo cha mviringo, chenye namba ya hifadhi YBC 7289, cha kati ya mwaka 1800 na 1600 kabla ya Kristo hivi. Wataalamu wengi hukihesabu kuwa kazi ya mwanafunzi wa uandishi. Juu yake umechorwa mraba na milalo yake miwili. Upande umeandikwa 30, na kwenye ulalo zimeandikwa, kwa mfumo wa hesabu wa sitini sitini, namba mbili: thamani ya √2 iliyo sawa na 1.414213 kwa tarakimu zetu, na urefu wa ulalo uliotokana nayo, ambao ni karibu 42.426. Mwanafunzi yule hakuandika namba pasipo mchoro. Mraba umekuja kwanza, namba zimekaa juu ya mistari yake, na anayekitazama kigae anaona mara moja namba ipi ni ya mstari upi.

Katika mazungumzo ya Meno, yaliyoandikwa na Plato katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Socrates anamwita kijana mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa jiometria, na kumtaka ataje upande wa mraba wenye eneo mara mbili ya ule wenye upande wa 2. Kijana anasema upande uwe 4, na mchoro unamwonyesha kwamba eneo limekuwa mara nne. Anasema uwe 3, na mchoro unamwonyesha kwamba eneo ni 9 wakati linalotakiwa ni 8. Mwishowe anafikishwa kwenye ulalo. Kinachostahili kuangaliwa hapo ni kazi ya makosa yake mawili. Kila kosa lilifutwa na mchoro aliokuwa akiutazama kwa macho yake, na aliyekuwa akijifunza alikuwa mtu ambaye jamii yake haikumtarajia ajue lolote.

Vifaa vya uthibitisho huo vimo katika mkoba wa kila mwanafunzi wa leo. Mkebe wa hisabati unaouzwa madukani una vipembetatu viwili vya plastiki: kimoja cha nyuzi 45 na 45, kingine cha nyuzi 30 na 60. Wanafunzi wawili wanaokaa dawati moja, wakiviunganisha vile vya nyuzi 45 hipotenusi kwa hipotenusi, hupata mraba. Wakiviunganisha vile vya nyuzi 30 na 60 kwa upande wa kati, hupata pembetatu sawa, na wanaweza kupima kwa rula kwamba hipotenusi ni mara mbili ya upande mfupi. Hakuna kipaji kinachohitajika kuona hivyo. Kinachohitajika ni mwalimu awaambie wavitoe mkebeni.

Muhtasari wenyewe ulikuwa ukielekeza huko. Kwa miaka mingi Hisabati ya kidato cha pili nchini Tanzania ilipangwa hivi: vipeo na vipeuo vilikuja mapema, zikafuata mada za maumbo yaliyo sawa na maumbo yanayofanana, kisha kanuni ya Pythagoras, ndipo ikaja trigonometria na pembe zake maalumu. Mpangilio huo ulikuwa uthibitisho uliokwisha kupangwa ngazi kwa ngazi: usawa wa maumbo unaeleza kwa nini nusu mbili za mraba zinalingana, mfanano unaeleza kwa nini uwiano unabaki ule ule pembetatu ikikuzwa, kanuni ya Pythagoras inatoa upande wa tatu, na vipeuo vinaruhusu jibu liandikwe sawasawa. Kukaririsha mwishoni mwa safari hiyo ni kukiri kwamba mada nne zilizotangulia zilifundishwa bure.

Tena, katika shule nyingi za Tanzania mtoto husoma hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha sekondari huikuta kwa Kiingereza. Wakati ambapo maneno yenyewe bado ni mageni, kanuni inayokaririwa hushikwa kama sauti tu. Mchoro hauhitaji lugha ya pili; mraba uliokatwa unaeleweka kwa yeyote mwenye macho au vidole. Kwa hiyo wale wanaodhaniwa kuwa hawana uwezo ndio wanaohitaji mchoro kuliko wote, na ndio wa kwanza kunyimwa.

5. Kwamba hazionekani nje ya darasa

Hoja ya mwisho inaweza kupimwa kwa vitu vilivyo mikononi mwa watu. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na 297 ikigawanywa kwa 210 hutoa takriban 1.414. Mtu akikunja kona ya karatasi hiyo ili upande mfupi ulale juu ya upande mrefu, mkunjo uliotokea ni ulalo wa mraba wenye upande wa milimita 210, na ukilinganishwa na upande mrefu wa karatasi nyingine ya A4 utakutwa umelingana nao. Uwiano huo ndio unaofanya karatasi ikikatwa nusu ibaki na umbo lile lile, na ndiyo sababu mashine ya kutoa nakala hupunguza A3 kuwa A4 bila kuacha ukingo mtupu.

Katika gereji, nati yenye pande sita hufunguliwa kwa spana yenye namba, na namba hiyo ni umbali kati ya nyuso mbili sambamba za nati. Nati ya spana namba 17 imeundwa na pembetatu sawa sita zinazokutana katikati, ambazo kimo cha kila moja ni milimita 8.5. Upande wa pembetatu hiyo ni 8.5 mara 2 kugawanya kwa √3, yaani karibu milimita 9.8, na umbali kutoka kona hadi kona inayoitazama ni mara mbili yake, yaani karibu milimita 19.6. Kwa hesabu hiyo inaeleweka kwa nini spana namba 19, ambayo ni kubwa kuliko 17 lakini haijafikia 19.6, huikamata nati kwa kona zake tu na kuzila hadi nati iwe duara. Fundi hulijua jambo hilo kwa hasara. Mwanafunzi angeweza kulijua kwa pembetatu.

Mfano mzito zaidi ni umeme wa fezi tatu. Nchini Tanzania kila fezi ina volti 230 dhidi ya nyutro, na kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nchini Kenya namba zilizozoeleka ni 240 na 415. Wengi hushangaa kwa nini fezi mbili za 230 hazitoi 460. Sababu ni kwamba mawimbi ya fezi hizo yamepishana kwa nyuzi 120, na tofauti kati ya fezi mbili huchorwa kama upande wa tatu wa pembetatu pacha yenye pande mbili za 230 na pembe ya nyuzi 120 kati yake. Ukiteremsha kimo, pembetatu hiyo hugawanyika katika mbili za 30, 60 na 90, zenye hipotenusi ya 230. Upande wa kati wa kila moja ni 115√3, na zote mbili kwa pamoja ni 230√3, yaani karibu volti 398, ambazo kwa desturi hutajwa kuwa 400. Kwa njia hiyo hiyo 240√3 ni karibu 415.7. Fundi umeme aliyekaririshwa 1.73 anaweza kuipiga hesabu hiyo, lakini hawezi kueleza kwa nini si 2, na siku atakapokuta mtambo uliounganishwa kwa namna nyingine hatajua kama azidishe, agawanye au aache.

Kinachodaiwa

Hakuna anayedai kwamba mwanafunzi asikumbuke √2 na √3. Anayezijenga pembetatu hizi mara kwa mara atazikumbuka bila kulazimishwa, na kumbukumbu hiyo itakuwa na mahali pa kurudi inapoyumba. Kinachodaiwa ni kwamba mpangilio ugeuzwe. Jedwali la pembe maalumu lisiandikwe ubaoni kabla wanafunzi hawajakata mraba na pembetatu sawa kwa mikono yao na kuzipata thamani zote tisa wenyewe. Kila zoezi liwe na angalau swali moja ambamo pembetatu haikuchorwa, ili kuiona kuwe sehemu ya kazi. Watunzi wa mitihani nao, ambao ndio hasa wanaoamua kitakachofundishwa, waache kuuliza urefu pekee, waulize pia kwa nini urefu huo ndio, na waupe mchoro ulioelezwa vizuri alama zinazozidi za jibu tupu. Mtihani unaotoa alama kwa jibu peke yake utaendelea kupata walimu wanaokaririsha, na walimu hao hawatakuwa na kosa, kwa sababu watakuwa wamefundisha kile hasa kilichopimwa.